Magunia Matatu Nyuma ya Ekseli

Mchungaji aliyetusomea wasifu wa Mzee Shivachi alikuwa hajazaliwa mwaka nitakaousimulia hapa. Hilo namsamehe. Nisichoweza kumsamehe ni ile raha aliyokuwa nayo. Alisimama mbele ya jeneza, suti imembana makwapani, akashika maikrofoni kwa mikono miwili na kusoma: "Marehemu alikuwa dereva hodari, lakini pombe ilimshinda. Siku moja, akiwa mlevi, aliangusha trela ya mwajiri wake na kuumiza mgeni. Akafutwa kazi. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipomnyakua kutoka motoni!" Watu chini ya mahema wakaitikia Amina. Mimi niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na viatu vyangu siku hiyo havikuwa na kamba. Mzee Shivachi hakuwahi kunywa pombe. Hakugusa busaa, hakugusa chang'aa, hata bia ya chupa ya harusini aliipitisha kwa jirani. Najua kwa sababu nilikuwa ndani ya gari lile. Tena aliyesaidia kupakia trela ile vibaya nilikuwa mimi, kwa amri ya mtu ambaye wakati huo alikuwa ameketi mbele, kwenye hema la wageni waheshimiwa, kiti chake kimewekewa mto, akitikisa kichwa kwa huzuni.

Mtu huyo ni Hezron, na mwaka ule sote tulimwita Bosi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha Sigalagala kusomea ufundi wa magari, na mkononi nilikuwa na daftari la atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, lililohitaji sahihi ya mwajiri kwa mwaka mzima ndipo nipate cheti. Bosi alikuwa amenunua nyumba ya trela kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao: chumba cha bati jeupe juu ya tairi mbili, chenye kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na tangi la maji. Aliikodisha kwa wageni waliokuja kutazama ndege msituni Isecheno. Mzee Shivachi ndiye aliyeivuta kwa pikapu ya milango minne, nami nilikuwa fundi, mpishi na mfagiaji kwa pamoja. Nilipanga chumba kimoja Shirere, mlango unafunguka ukagonga kitanda, na ukuta wa upande wa pili wanafunzi wanapigiana kelele za mpira. Ndiyo maana trela ile niliipenda kuliko chumba changu. Ilikuwa na dirisha kila upande, na asubuhi tukiwa Isecheno mlio wa kolobasi, wale mbega weusi kwa weupe, ulinijia kabla sijamwaga majani ya chai kwenye sufuria.

Kila ninachokijua kuhusu kusafiri na nyumba mgongoni nilifundishwa na Shivachi, na hakunifundisha kwa hotuba. Mbele ya trela, pale inapoungana na gari, alipaita pua; nyuma alipaita mkia. "Mukhana," alikuwa akiniambia, yaani msichana, kama baba yeyote wa kwetu anavyomwita binti, "trela inatembeanga na pua. Mzigo mzito weka mbele kidogo ya ekseli, hii chuma inashikanisha tairi, ama juu yake. Ukiweka kwa mkia, ni mkia itaendesha gari." Kabla ya kila safari alinifanya niinue pua kwa mikono miwili. Ikinitoa mguno, sawa. Ikipanda kwa mkono mmoja, tulifungua milango tukapanga vitu upya, hata kama wageni wamekwisha kaa garini wameshika kofia zao. Minyororo ya usalama aliipitisha chini ya pua kwa kupishana, ili ndoana ikiachia, pua ianguke juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Tairi alizipima asubuhi zikiwa baridi. Tukisafiri saa moja alisimama akakaza nati zote tena, akanifanya nizihesabu kwa sauti. Niliona aibu, watu wa sokoni wakicheka mwanamke anahesabu nati, lakini hakuna tairi lililowahi kututoka.

Siku hizi ninayo karakana yangu papo hapo Shirere, na vijana kutoka Nairobi wananiletea matrela mapya ya kifahari, yana taa hata chini ya kitanda, na mwenyewe hajui jiwe la kuzuia tairi ni nini. Ametazama video. Nawauliza, mkifika mnafanya nini kwanza? "Tunapiga picha," mmoja alinijibu, na wala hakuwa anatania. Nawaambia, nyinyi watu, zuia tairi kwanza pande zote mbili, ndipo ufungue ndoana. Trela iliyofunguliwa mteremkoni haina rafiki. Weka sufuria ya maji juu ya meza, maji yakilalia upande, tia ubao chini ya tairi la upande wa chini. Ile miguu minne ya pembeni ni ya kuituliza nyumba, si ya kuinulia, na ukiigeuza jeki itapinda. Funga gesi kabla ya kuondoka. Mtu asipande ndani trela ikitembea, hata akisema amechoka. Kwetu mvua huja mchana, kwa hiyo fika kabla ya saa nane, na usiegeshe chini ya mti mkubwa kwa tamaa ya kivuli, kwa sababu msitu wa Kakamega hudondosha matawi bila kuuliza nani amelala chini. Ingia kambini ukiwa umekwisha kujua utatokea wapi. Wananiambia, "Mama, wewe ni mtaalamu." Nanyamaza, kwa sababu mtaalamu, Shivachi, alikuwa anakata miwa ya watu kijiji cha tatu kutoka hapo, na wao walipishana naye barabarani wakamfungia vioo.

Sasa nieleze siku yenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki mbili atachimenti yangu iishe. Tulikuwa na wageni wawili, mume na mke wazee kutoka ng'ambo, wapole, walioandika jina la kila ndege kwenye kijitabu. Bosi alitaka kuwaonyesha "maisha ya watu," kwa hiyo akatupeleka Lugari, kwa wakwe zake, kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Yeye alitangulia na gari lake dogo. Tulikaribishwa sebuleni, makochi yana vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na tukala hadi tukalegeza mikanda: obusuma, ugali wa mtama, ingokho, kuku aliyechemshwa polepole kwenye chungu, mboga ya mrenda, na chai ya maziwa mwishoni. Mgeni wa kike alipewa firigisi kwa bahati mbaya, na baba mkwe akaona vibaya, akaagiza irudishwe kwa mwenyewe, yaani mkwewe Hezron. Tulicheka sana. Kisha tukiaga, vijana wa pale nyumbani wakatokea ghalani na magunia matatu ya mahindi. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mkwe ndiye kabisa. Mkwe akikupa gunia, husemi gari limejaa. Utasema asante, na utalibeba hata kichwani.

Shivachi hakukataa mahindi, naomba mnielewe. Hakuna Mluhya wa kukataa mahindi ya mkwe. Alisema tu yawekwe mbele, sakafuni, kati ya meza na jiko. Bosi akasema hapo kuna zulia la wageni, na mahindi yana vumbi na fukusi. Shivachi akasema basi mabegi ya wageni yatoke nyuma ya pikapu yaingie kwenye trela, na mahindi yakae kwenye pikapu. Bosi akasema mabegi yana kamera. "Wekeni nyuma pale kwa mlango mkubwa, si ndiyo maana uko?" Trela ile ilikuwa na mlango mkiani, mpana, kimo cha kiuno, na gunia uliliingiza pale bila hata kuinama. "Bosi, hii mkia itatutingisha," Shivachi akamwambia kwa upole. Nakumbuka jibu kwa sababu lilisemwa mbele ya wakwe: "Wewe ni dereva ama ni mhandisi? Trekta za miwa zinabebanga tani ngapi, na hakuna mtu anapima pua." Watu wakacheka. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, alichekwa mbele ya wageni, akaenda kuangalia maji ya rejeta. Bosi akanigeukia mimi. "Loice, pakia twende." Nikapakia. Tulishirikiana na wale vijana, moja, mbili, tatu, nyuma kabisa, karibu na tangi la maji ambalo nilikuwa nimelijaza asubuhi. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimefundishwa mwaka mzima.

Shivachi aliporudi aliinama, akashika pua, ikapanda kwa mkono mmoja. Akaishika hapo hewani akinitazama. "Mukhana, wewe ndio umepakia hivi?" Nikasema, "Bosi amesema." Hakunigombeza. Alimfuata Bosi, nikasikia "wageni wanachelewa" na "kama huwezi, sema nitafute mwingine," kisha akarudi akafunga minyororo kwa kupishana kama kawaida yake. Watu wananiuliza, mbona aliendesha? Mimi nawauliza, mtu mwenye watoto wanne shuleni anakataa mara ngapi kwa siku moja? Alikuwa amekataa mara mbili tayari. Aliendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona, magari yakitupigia honi. Tulipofika kwenye mteremko wa kwenda darajani, kabla ya Malava, lori la miwa likatupita kwa kasi, na upepo wake ukaisukuma trela ubavuni. Mkia ukaanza. Kwanza kidogo, kisha pikapu nzima ikawa inavutwa kushoto na kulia. Dereva yeyote mwoga angekanyaga breki, na tungekufa wote wanne. Shivachi aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani wima, akawa anasema, "Tulia, tulia, tulia," sijui akimwambia nani. Trela ilipinduka, ndoana ikakatika, na pikapu ikabaki imesimama kwa tairi zake ukingoni. Mgeni wa kike alivunjika mkono. Hakuna mwingine aliyeumia.

Na mahindi? Mahindi yalimwagika barabarani kutoka juu hadi darajani. Watu wa pale ni wema, walituletea maji, walimfunga mama yule mkono kwa kanga, walitupa pole kutoka moyoni, na katikati ya pole hizo waliokota mahindi. Akina mama na mabeseni, wazee na kofia. Bosi alikuwa mbele mbali, na alipogeuza gari akarudi, barabara ilikuwa safi. Haikubaki punje. Hata magunia matupu, ushahidi wa mwisho wa mzigo ule, yalikuwa yamekwisha chukuliwa. Nilimwona anaitazama ile lami, na nikaona uso wake unatulia, na nikiwa hai sitausahau utulivu ule.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwake, hapa mjini Kakamega, naosha vyombo vya trela vilivyopona. Jikoni na sebuleni palitenganishwa na ubao mwembamba ambao hata kikohozi kilipita. Bosi alikuwa kwenye simu ya mezani na watu wa bima, waliotaka kujua kosa ni la mwenye trela au la dereva. "Alikuwa amekunywa," akasema. "Ndiyo. Harufu niliisikia mimi mwenyewe." Hakuna aliyempima Shivachi pumzi. Hakuna aliyemuuliza. "Wageni wamekwisha safirishwa Nairobi, si watu wa kusumbua tena. Msichana? Huyo hakuona kitu, alikuwa amelala." Akakata simu, akaja jikoni, akachukua daftari langu juu ya friji. Akatia sahihi kurasa zote, pamoja na zile wiki mbili ambazo sikuwa nimezifanya, akaandika kwa mkono mzuri kwamba mimi ni mwaminifu na mwenye bidii. Alinipa daftari lakini hakuliachia. Tulilishika sote wawili, povu la sabuni likidondoka kwenye kiwiko changu. "Loice, ulikuwa umelala, ama?" Nikasema, "Ndiyo, Bosi." Akaliachia.

Hasira yangu kwa Hezron nimeilisha miaka yote hii ikanenepa, kwa sababu ilinisaidia nisitazame kwingine. Cheti kilitoka. Karakana ikaja. Mzee Shivachi hakupata tena wa kumpa hata funguo za mkokoteni. Kila alikoomba kazi waliuliza, na jibu lilikuwa moja, huyo ni mlevi. Akarudi kwao, akakata miwa, akapalilia ya watu. Alipoingia kanisani wakampokea kama mlevi aliyeokoka. Alijaribu mara moja kuwaambia kwamba hajawahi kunywa, wakasema roho ya kiburi bado inamsumbua. Akaacha kujaribu. Kila Krismasi nilimpelekea sukari na unga wa ngano, nikaketi kwenye kiti chake cha mbao, nikala kuku wake, tukazungumza juu ya tairi. Hakuniuliza hata siku moja. Mimi nikajidanganya kwamba mtu asiyeuliza amesahau.

Kwa hiyo mchungaji alipokuwa anarudisha maikrofoni na watu wanasema Amina, niliondoka hemani nikapita nyuma ya nyumba hadi jikoni, ambako moshi ulikuwa unawatoa machozi hata wasiolia. Mjane wake, Mama Rispa, alikuwa ameletwa pale anywe uji, maana hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana. Nilichuchumaa mbele yake nikasema, "Mama, yale wamesoma kule si ya kweli." "Najua," akasema. "Nililalanga na yeye miaka arobaini, nitakosa kujua harufu ya mdomo yake?" Nikamuuliza, sasa mbona yameandikwa. "Nilimwambia kijana wa kanisa mwenye aliandika atoe hayo maneno. Akasema Mama, huu ni ushuhuda mzuri, utaokoa vijana. Na nani ataniamini mimi? Mimi ni bibi yake. Bibi hutetea bwana yake." Akaweka kikombe chini. "Shivachi alikuwanga anasema, wacheni kumuuliza Loice. Huyo msichana atakuja kusema mwenyewe, anajua kazi. Kila Krismasi ukikuja na hiyo sukari yako, mimi nikawa naketi karibu na mlango nisikie. Nikasema labda ni leo." Akanyanyuka akijishika kiuno. "Ayi, leo ameenda. Sasa unangoja nani?"

Nimekaripia madereva wa malori bila woga, lakini kutoka jikoni pale hadi mbele ya jeneza nilisimama njiani mara mbili. Mchungaji alikuwa akitangaza kwamba sasa tutaelekea kaburini, mawingu yamekusanyika. Nilimwomba maikrofoni, akasema salamu za rambirambi zimefungwa. Nikaichukua. Sijui kunena mbele ya watu, kwa hiyo nilisema kama ninavyomweleza mteja gari lake lina nini. Nikasema magunia yalikuwa matatu, tangi lilikuwa limejaa, na vyote viliwekwa nyuma ya ekseli. Nikasema nani aliamuru na nani alipakia. Nikasema pua ilipanda kwa mkono mmoja. Nikasema wageni wale na mimi tuko hai, au tulibaki hai siku ile, kwa sababu mtu aliye ndani ya sanduku hili aliondoa mguu wake kwenye mafuta wakati mlevi angekanyaga breki. Hakuna aliyesema Amina. Kwenye hema la mbele Hezron alisimama, simu sikioni, akaondoka kuelekea kwenye gari lake akisema haloo, haloo, na simu haikuwa imelia.

Rispa, mtoto wao wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi alisimama katika kwaya akitoa ushuhuda wa baba yake mlevi, alinijia hadi tukakaribia kugusana nyuso. "Auntie, ungesema akisikia," akaniambia. Mchungaji akakohoa, akasema kweli yote ni ya Mungu, tuendelee kaburini. Hapo ndipo Mama Rispa, aliyekuwa amenifuata kutoka jikoni, alipoinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. "Soma tena," akamwambia.

"Mama, mvua inakuja."

"Wacha ikuje. Soma bwana yangu tena, kutoka mwanzo."

Akafungua karatasi. Akasoma pale alipozaliwa, shule aliyosoma hadi darasa la saba, siku aliyomwoa mkewe, watoto. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mahema na hakuna aliyeondoka. Akasoma kwamba marehemu alikuwa dereva hodari. Kisha akafika pale pa pombe, akaikodolea macho karatasi, halafu akanigeukia. "Niseme nini hapa?" akauliza, sauti ndogo, bila maikrofoni. Nikamwambia. Akarudia neno kwa neno, na mahali pa kutaja aliyepakia akasita, akadhani labda ningependa pasitajwe mtu. Nikamwambia ayataje majina yangu, yote mawili, na ayaseme kwa maikrofoni.